Kaya Zangu Haziumwi

Jumatatu, 2 Juni

Mimi Zefania nina mkono wa bahati. Kaya ninayoiandika haiumwi. Mwaka jana niliandika kaya arobaini na tatu hapa Kilosho na vitongoji vyake, na mpaka mwaka unaisha waliokwenda zahanati na kadi zangu hawazidi vidole vya mikono yangu miwili. Wenzangu wanaandika watu leo, kesho watu hao hao wamejipanga dirishani na vikohozi vyao. Mimi nikikuandika, malaria yenyewe inakukwepa. Nimekuwa utingo wa lori miaka tisa, nimefika Tunduma, nimefika Kasumbalesa, nimekula ugali wa Wakongo na kucheka nao kwa lugha nisiyoijua. Sijaona mtu mwenye mkono kama huu.

Daftari hili nimepewa na Mfuko wa Afya wa Bonde, wanaonilipa kuandikisha watu bima. Kaya inalipa mara moja kwa mwaka, msimu wa mpunga, na watu sita wanatibiwa bure zahanati yetu mpaka hospitali ya rufaa Mpanda. Dirisha linafunguliwa Juni mosi na kufungwa Julai thelathini na moja. Leodgar, mratibu wetu, amesema kila mwandikishaji aandike kila siku alichofanya. Yeye anataka namba. Namba nitamtumia kwa simu. Humu naandika maneno, maana ninayo mengi, na shule niliiacha kidato cha pili kabla hayajaisha.

Jumatano, 4 Juni

Upepo na vumbi. Kaya mbili. Nimekula sato mzima peke yangu.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimemwandika Manyanda. Huyu ni Msukuma aliyekuja na ng'ombe wake miaka ya nyuma, boma lake liko ng'ambo ya majaruba ya mpunga. Mwaka jana alinifukuza na mbwa. Mwaka huu nimekwenda na sukari.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka. Wewe ndiye wa bima?"

"Ndiye mimi. Nimekuja kukuuzia afya."

"Afya ninayo. Niuzie kingine."

Wake zake wawili wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wao, ndiyo kazi yenyewe. Akaniuliza, akilipa na mwaka mzima asiumwe, pesa yake inarudi? Nikamwambia hairudi. Inakwenda wapi? Nikamwambia inamtibu mwingine aliyeumwa. Akachora chini na fimbo.

"Mimi ng'ombe wangu hawalali hapa wote," akasema. "Wengine wako kwa rafiki yangu Usevya, wengine Kibaoni. Ugonjwa ukiingia boma hili, sibaki mikono mitupu. Na wa kwao wako hapa kwangu. Wakiumwa nawauguza mimi, simpigii mtu simu aje achukue mgonjwa wake."

"Ndiyo bima hiyo, mzee."

"Sasa si ungesema hivyo mwaka jana."

Akalipia kaya mbili, moja kwa kila mke. Watoto wake wana vifua kama milango. Nimerudi naimba.

Jumatatu, 9 Juni

Kikao Majimoto. Leodgar kaja na shati jeupe na maji ya chupa. Kasema mfuko mwaka jana ulilemewa, watu wanaingia wakiwa tayari wanaumwa, wanatibiwa, wanatoka, ada hairudishi gharama. Kwa hiyo mwaka huu kila mwandikishaji ana alama. Unapata alama kwa kila kaya unayoingiza, na alama zinakatwa kila kadi yako ikigusa zahanati. Mwenye alama nyingi msimu ukifungwa anapewa pikipiki mpya.

Mmoja akauliza, "Bosi, si ndiyo kazi ya kadi kugusa zahanati?"

Leodgar akasema, "Mwandikishaji makini anaelewa."

Mimi nimeelewa. Wote wakanigeukia, maana wanajua mkono wangu.

Alhamisi, 12 Juni

Njia yangu naiandika hapa, Leodgar hasomi humu.

Siendi majumbani. Nakwenda mashambani watu wakipiga mpunga. Nafika saa nne, jua limeshapanda, turubai limetandikwa, mafungu yanapigwa kwenye pipa. Nasalimia, nachukua fungu, napiga mawili matatu nikitoa vichekesho vya Kasumbalesa, huku macho yanafanya kazi. Kaya ambayo mama anapiga, baba anapiga, watoto wanapepeta na kugombana, hiyo ni kaya. Natoa simu, napiga picha, nachukua ada. Palipo na mtu amekaa juu ya gunia, kajifunika kitenge saa nne ya jua, hapo naomba maji, nakunywa, naaga. Asiyefika shambani kabisa sina habari naye.

Bahati nayo inataka kusaidiwa kidogo.

Kwenye turubai la Josephina nilichelewa kugeuka. Tulisoma naye darasa moja shule ya msingi, alinishinda hesabu kila muhula, sasa ni mjane na majaruba manne. Alikuwa anapiga peke yake. Mwanawe Goreth, wa miaka tisa, yuko juu ya gunia na sweta mbili. Mtoto ana sikoseli. Kijiji kizima kinajua.

"Kaka Zefa, umefika. Tuandike, mpunga huu nikiuza tu ada ninayo."

"Mama Goreth, leo mtandao umegoma."

"Kwenye turubai la Minza pale umeshika, nimeona unapiga picha."

"Umeshika ukaondoka. Mtandao wa huku ni kama mume mlevi."

Akacheka. Goreth naye akacheka, ana macho ya njano na meno mazuri. Nimempa pipi. Nikambebea Josephina magunia mawili mpaka nyumbani kwa pikipiki ya kuazima, sikuchukua hata mia. Mimi si mtu mbaya.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Sadaka nimetoa kubwa, watu wameona.

Alhamisi, 19 Juni

Asubuhi baridi inauma masikio. Kaya nne, zote chuma. Josephina kanisimamisha barabarani.

"Kaka, mtandao?"

"Bado wanashughulikia mnara."

"Baridi hii siipendi. Ikizidi, damu yake inagoma, miguu inamuuma mpaka anauma shuka. Nataka kadi iwe mkononi kabla ya Julai. Mwaka jana nilikuta umefunga."

Mwaka jana sikuwa nimefunga. Nilikuwa nimebakiwa na siku tatu.

Jumanne, 24 Juni

Nimepita zahanati kumsalimia Dokta Pudensiana. Ana miaka sita hapa, kijiji kimemzoea kama kisima. Nilimkuta anafuta rafu tupu.

"Bwana bahati," akasema, "watu wako mbona hawaji?"

"Kaya zangu haziumwi, dokta. Nipongeze."

"Dawa naletewa kwa hesabu ya wenye kadi niliowatibu. Wasipokuja wenye kadi, sanduku linarudi dogo. Robo mwaka iliyopita nimepewa nusu. Wanaokuja kila siku ni wasio na kadi, na hao kule juu hawahesabiwi."

"Sasa unataka niwaambie wazima waje kuumwa?"

Hakucheka. Akaniuliza, "Goreth wa Josephina umeshamwandika?"

Nikasema yuko kwenye foleni. Foleni ipi, hakuuliza.

Jumamosi, 28 Juni

Kaya tatu. Leodgar kanitumia ujumbe: naongoza bonde zima.

Alhamisi, 3 Julai

Josephina kaja nyumbani kwangu na ada mkononi, imefungwa kwenye ncha ya khanga. Ameuza gunia mapema kwa bei ya kutupa, wanunuzi bado hawajapandisha. Wengine wote wanasubiri Agosti.

Nilikuwa naosha ile pikipiki ya kuazima. Simu ilikuwa juu ya kigoda, mtandao umejaa, vijiti vyote vinne, na yeye ana macho.

"Leo upo," akasema.

"Fomu, mama Goreth. Kuna swali la ugonjwa wa kudumu. Ukijibu ndiyo, wanataka barua ya daktari, mhuri, mambo mengi. Nakufanyia mpango."

"Barua Dokta Pude ataandika leo leo."

"Wacha nimuulize mratibu kwanza."

Hakuna barua. Ukijibu ndiyo fomu inapita kama nyingine. Nimebuni mwenyewe, nimesimama pale na sabuni mkononi. Akanitazama muda, kama alivyokuwa ananitazama darasani nikinakili kwenye daftari lake.

"Zefa, kama kuna kitu niambie."

"Hakuna kitu."

Akafunga upya ncha ya khanga. Nilimpa kipande cha sabuni ya kufulia, akapokea, akashukuru. Nilijisikia vibaya mpaka chai ya saa kumi, halafu ikapita.

Jumatatu, 7 Julai

Kaya moja. Moshi kila upande, wanachoma nyasi.

Ijumaa, 11 Julai

Hakuna kitu. Baridi kali. Leo sikupita njia ya kwa Josephina, nimezunguka na mfereji.

Jumatano, 16 Julai

Saa moja asubuhi nilikuwa nakwenda turubai la mwisho upande wa mashariki. Nikamkuta Josephina barabarani, Goreth mgongoni, miguu ya mtoto inaning'inia mpaka magotini kwa mama. Hakuita. Nilisimama mwenyewe. Mtoto alikuwa anatoa sauti ndogo ndogo kama mlango usiopakwa mafuta. Nikawapakia kwenye pikipiki.

Zahanati Dokta Pudensiana alimgusa tumbo, akamwangalia macho, akafungua kabati. Kulikuwa na dripu moja. Sindano ya maumivu hakuna, panadol za kuhesabu. Akaitundika ile dripu, akasema mtoto anataka damu, damu iko Mpanda, gari la rufaa liko uani.

Akauliza kadi.

Josephina hakunitazama. Angenitazama ingekuwa nafuu. Akasema, "Sina."

Mwenye kadi, mfuko unalipa mafuta ya gari. Asiye na kadi anatafuta. Ile ada ya kwenye khanga haikufika hata nusu ya mafuta ya kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa na pesa kidogo nikatoa, na makusanyo ya mfuko mfukoni nikayashika, nikayaacha, nikayashika tena. Dereva akasema yeye hana shida, lakini gari haliendi kwa mate.

Nikaondoka na pikipiki kutafuta. Nyumba ya kwanza wamekwenda Majimoto mnadani. Ya pili wanasema mpunga haujauzwa. Zote kaya zangu, kadi ziko ukutani zimening'inizwa kwa msumari kama picha ya harusi, na hakuna aliyekuwa anaumwa. Niliishia boma la Manyanda. Sikumpigia hadithi. Akasikiliza akiwa amesimama, akaingia ndani, akatoka na pesa, akanipa bila kuhesabu.

Zahanati tulikuwa tumefika saa mbili kasoro. Gari likatoka saa sita. Hapo katikati mtoto aliacha kulia, na mimi niliporudi na pesa, kwa ujinga wangu nilifurahi. Dokta Pudensiana alipomwona amenyamaza akakimbia. Alimwinua mkono wa kushoto, akauachia, ukaanguka. Akauinua tena. Ukaanguka.

Nilikwenda nao. Kibaoni, halafu mbuga yote, vumbi linaingia kwenye kila tundu. Sitalike darajani wageni walikuwa wamesimama na kamera wanapiga picha viboko waliobanana kwenye tope. Gari letu likapiga honi, wakatupisha, mmoja akatupungia mkono. Josephina alikuwa ameshika dripu juu kwa mkono mmoja toka nyumbani. Nilimwambia nipokee nishike mimi. Akasema, "Acha."

Mpanda wamempa damu saa kumi na nusu. Daktari kasema kiharusi. Sikujua mtoto anaweza kupata kiharusi. Nilidhani ni ugonjwa wa wazee wenye vitambi.

Ijumaa, 18 Julai

Yuko hai. Mdomo umekwenda upande. Anamjua mama yake.

Jumapili, 20 Julai

Damu ya pili. Goreth kaniomba nimwambie ile ya Wakongo na ugali. Nimemwambia. Amecheka upande mmoja wa uso. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Jumatatu, 21 Julai

Josephina kakodisha majaruba yake yote manne kwa mfanyabiashara wa mpunga wa Majimoto, misimu miwili, kulipa hospitali. Wamemaliza kwa simu, dakika tano. Nilikuwa nimesimama pembeni. Alipokata simu akasema, kama anajisemea, "Nitapiga mpunga wa watu."

Jumatano, 23 Julai

Nimerudi Kilosho. Manyanda kanikuta kisimani, ananywesha ndama. Nilianza kumshukuru, akanikata.

"Yule mtoto alikuwa anaumwa toka lini?"

"Toka kuzaliwa, mzee."

"Na wewe unaandika watu toka lini?"

"Huu mwaka wa pili."

"Mbona hana kadi?"

Ningeweza kusema mtandao. Ulimi ulikuwa tayari. Nikamwambia ukweli, kuanzia alama za Leodgar mpaka turubai na gunia na kitenge. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndama wakamaliza, wakaondoka wenyewe.

"Nilikuuliza pesa yangu inakwenda wapi," akasema. "Ukasema inamtibu mwenzangu. Nikatoa kwa moyo mweupe. Sasa umetukusanya wazima watupu. Tunamtibu nani?"

"Mzee, kanuni ndiyo iliyo..."

"Sijaongea na kanuni. Naongea na wewe. Mimi rafiki yangu akiniletea ng'ombe, siwachagui mlangoni, huyu mnene apite, huyu anakohoa abaki njiani na fisi. Nikifanya hivyo, nani ataniita mtu?"

Alichukua ndoo yake, akaondoka.

Ijumaa, 25 Julai

Sikutoka ndani.

Jumatatu, 28 Julai

Leodgar kapiga simu. Mbona nimelala zaidi ya wiki, pikipiki imebaki kidogo tu. Nikamuuliza, kama mwandikishaji anawaruka wagonjwa ili apate alama, ni kosa? Akasema kanuni haimlazimishi mtu kuandika kaya yoyote. Akasema pia, "Usinitafutie maneno, Zefania, mimi nami nina mabosi wanaotazama alama zangu."

Nilimchukia, halafu nikamwonea huruma, halafu nikajua tunafanana.

Alhamisi, 31 Julai

Mtandao unafungwa saa kumi na mbili jioni. Nimepanda basi la asubuhi kwenda Mpanda na simu ya kuandikishia. Goreth amekalishwa kitandani, mto upande wa kushoto ili asianguke. Nimeilipa ada mwenyewe. Josephina amekataa, tumebishana, akanirudishia yote mpaka sarafu. Amelipa yeye.

Tulipofika swali la ugonjwa wa kudumu nikashusha sauti.

"Hapa nikiweka hapana, hakuna atakayejua."

"Kwa nini niseme hapana?"

"Basi tu. Mazoea."

"Weka ndiyo. Hilo swali ni letu sisi."

Nikaweka ndiyo. Fomu ikapita, sekunde tatu. Hakuna barua, hakuna mhuri. Aliona. Alikuwa ameinama begani kwangu, akaona neno limekubalika. Kelele za wodini zilikuwepo, sahani, mtu anakohoa.

"Sekunde tatu," akasema. "Zefa. Mwezi mzima ulikuwa unanikimbia sekunde tatu."

"Nisamehe, Josephina."

"Sijui. Mshike mtoto, nipe simu nimpige picha."

Kadi inaanza kufanya kazi baada ya siku thelathini. Kulala huku kote hospitalini hakumo. Majaruba hayarudi. Kuanzia Septemba Goreth atapata dawa zake na damu na mazoezi ya mguu bila kulipa, akiwa na mkono mmoja unaofanya kazi.

Jumapili, 3 Agosti

Nyuma ya daftari hili nimeandika majina ya niliowaruka, kwa kukumbuka turubai moja moja. Yamefika kumi na moja. Mzee wa kisukari. Mama wa kifua. Yule wa mimba ya saba. Nimekwenda kwa kila mmoja, nimewaambia nini nilifanya. Wengine hawakujua kama walirukwa, walidhani ni mtandao. Mama wa kifua amenipa karanga. Dirisha limefungwa mpaka mwakani, sina cha kuwapa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpanda, ukumbini, waandikishaji wote wa bonde. Kadi ya Goreth haijaanza kugusa zahanati, kwa hiyo alama zangu ziko vilevile. Nimeshinda. Leodgar kanisimamisha mbele.

"Waambie wenzako siri ya mkono wa bahati."

Nilikuwa nimepanga vichekesho viwili vya kuanzia. Sikuvitoa. Nikasema, "Hakuna siri. Nilikuwa nachagua wazima. Wagonjwa niliwadanganya mpaka mwezi ukaisha, na mmoja wao ni mtoto, yuko wodini hapa hapa mjini, mguu haumtii."

Halafu mwandikishaji mmoja wa safu ya nyuma, mtu mzima, akasema taratibu, "Kwani sisi wengine tulikuwa tunafanyaje?" Hakuna aliyecheka na hakuna aliyembishia. Walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Leodgar akasema asante kwa kuwa muwazi, mjadala huo una mahali pake, akanipa funguo. Nilikuwa nimeapa barabara nzima kwamba nitazikataa mbele za watu. Nimezipokea. Pikipiki iko nje, nyekundu, ina nailoni kwenye kiti, na sijui nitaipitisha vipi mbele ya nyumba ya Josephina.

Niliyoandika tarehe mbili Juni ni uongo. Sina mkono wa bahati. Kaya zangu haziumwi kwa sababu wanaoumwa sikuwaandika.